JOHN LILBURNE: MTU ALIYEKATAA KUAPA

1. Swali la kwanza

Ndugu msomaji, mtu akiitwa mahakamani, jambo la kwanza analotaka kujua ni hili: nimeshtakiwa kosa gani, na nani aliyenishtaki? Swali hili ni la haki. Mtu asiyejua shtaka lake hawezi kujitetea. Ni kama mtu anayepigana gizani na adui asiyemwona.

Leo jambo hili twaliona ni la kawaida. Lakini halikuanguka kutoka mbinguni. Wako watu walioliteseka. Mmoja wao ni John Lilburne wa Uingereza. Hakuwa mfalme, wala waziri, wala hakimu, wala wakili. Alikuwa mwanagenzi katika duka la nguo. Tutasoma habari za maisha yake ili tuone mambo mawili. Kwanza, jinsi Bunge linavyoweza kuirekebisha mahakama iliyopotoka. Pili, jinsi Bunge lenyewe linavyoweza kupotoka.

2. Kijana wa duka la nguo

John Lilburne alizaliwa karibu na mwaka 1614. Jamaa zake walikuwa watu wenye ardhi katika wilaya ya Durham, kaskazini mwa Uingereza. Hawakuwa maskini, lakini hawakuwa wakubwa wa nchi. John alikuwa mtoto wa pili wa kiume. Kwa desturi ya huko, ardhi ilirithiwa na mtoto wa kwanza, na wadogo walitafuta kazi. Basi, yapata mwaka 1630, John alipelekwa London kujifunza biashara kwa mfanyabiashara wa nguo wa jumla.

Alikuwa kijana mwenye kupenda kusoma. Kazi zilipokwisha alisoma Biblia na vitabu vya historia na dini. Wakati ule kusoma kulikuwa na hatari yake. Serikali ya Mfalme Charles wa Kwanza ilikataza kitabu chochote kupigwa chapa bila kibali. Mwaka 1637 watu watatu waliadhibiwa kwa kuandika vitabu vya kuwalaumu maaskofu: William Prynne aliyekuwa mwanasheria, John Bastwick aliyekuwa tabibu, na Henry Burton aliyekuwa kasisi. Wote watatu walikatwa masikio mbele ya watu.

Lilburne alikuwa amezoeana na Bastwick, na alikuwa akimtembelea gerezani. Mwaka huo wa 1637 alikwenda Uholanzi, ambako vitabu vya namna hiyo vilipigwa chapa. Aliporudi London mwezi wa Desemba, alichongewa, akakamatwa.

3. Mahakama ya Chumba cha Nyota

Lilburne alipelekwa mbele ya mahakama iliyoitwa Chumba cha Nyota. Yasemekana iliitwa hivyo kwa sababu dari ya chumba ilipambwa kwa nyota. Zamani mahakama hii ilikuwa na faida. Mahakama za kawaida ziliwaogopa matajiri na wakubwa wa mikoani, na mnyonge hakupata haki yake huko. Chumba cha Nyota kiliweza kuwaita wakubwa hao na kuwaadhibu.

Lakini jembe la kulimia laweza kumpiga mtu. Waliokaa kuhukumu katika Chumba cha Nyota walikuwa washauri wa mfalme pamoja na majaji wakuu wawili. Mtu aliyeilaumu serikali alihukumiwa na serikali ile ile. Wahenga walisema: kesi ya ngedere, hakimu nyani. Kadhalika hapakuwa na juri. Juri ni raia 12 wa kawaida wanaoapishwa kusikiliza kesi na kusema kama mshtakiwa ana hatia au hana.

Tena wakati ule hapakuwa na mtu wa kuiuliza mahakama hiyo inafanya nini. Tangu mwaka 1629 Mfalme Charles alikuwa ametawala bila kuliita Bunge. Miaka 11 ilipita hivyo. Mwananchi aliyeonewa hakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake.

Lilburne alipofikishwa kwa maofisa wa mahakama, alitakiwa ale kiapo. Kiapo chenyewe kilikuwa cha ajabu. Mtu aliapa mbele ya Mungu kwamba atajibu kwa kweli kila swali atakaloulizwa, kabla hajaambiwa ameshtakiwa nini. Hebu fikiri. Akisema kweli, atajifunga kwa maneno yake mwenyewe. Akisema uongo, amevunja kiapo, na hilo ni kosa na ni dhambi. Akikataa kuapa, ataadhibiwa kwa kukataa.

Kijana yule alikataa. Alisema atajibu juu ya shtaka lililoletwa dhidi yake, lakini hatalazimishwa kujishtaki mwenyewe. Alisema hakuna sheria ya Mungu wala ya nchi inayomtaka mtu awe shahidi wa kujiangamiza. Pamoja naye alikuwako mzee mmoja, John Wharton, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80. Mzee huyo naye alikataa kuapa.

4. Mjeledi

Mwezi wa Februari 1638 hukumu ilitolewa. Kila mmoja alitozwa faini ya pauni 500, fedha ambazo mwanagenzi asingeweza kuzipata kwa kazi ya miaka mingi. Lilburne alihukumiwa pia kupigwa mijeledi, kisha kusimamishwa mbele ya watu, kisha kufungwa mpaka atakapotii.

Tarehe 18 Aprili 1638 alitolewa katika gereza la Fleet. Alivuliwa nguo mpaka kiunoni, akafungwa nyuma ya mkokoteni. Mkokoteni ulikwenda polepole kuelekea Westminster, mwendo wa zaidi ya kilomita mbili, na njia nzima alichapwa kwa mjeledi wa nyuzi tatu zenye mafundo. Watu walijaa kando ya barabara. Wengi walimhurumia, na yeye aliwajibu kwa maneno ya imani.

Alipofika Westminster aliwekwa kwenye ubao wenye matundu, unaobana shingo na mikono ya mtu huku amesimama ameinama. Mgongo wake ulikuwa umevimba na jua lilikuwa kali. Hata hivyo, badala ya kunyamaza, alianza kuwahutubia watu. Aliwaeleza kwa nini alikataa kuapa. Tena alitoa vijitabu mfukoni akawatupia. Walinzi walimtia kizibo mdomoni kwa nguvu hata akatoka damu. Alipokuwa hawezi kusema tena, alipiga miguu chini.

Baada ya hapo alirudishwa gerezani akafungwa pingu. Alikaa humo zaidi ya miaka miwili. Lakini aliweza kupata karatasi na wino, na habari zake zilipigwa chapa kwa siri na kusomwa mjini.

5. Bunge laifuta mahakama

Mwaka 1640 Mfalme Charles aliishiwa na fedha, maana alikuwa amepigana vita na Scotland. Kodi mpya ilihitaji Bunge. Basi alilazimika kuliita, nalo lilikutana tarehe 3 Novemba 1640.

Bunge la Uingereza lina mabaraza mawili tangu zamani. Moja ni Baraza la Malodi, yaani wakubwa wenye vyeo. La pili ni Baraza la Makabwela, yaani wabunge wa kuchaguliwa, ingawa siku zile wengi wao walikuwa watu wenye mali. Mara Baraza la Makabwela lilipokutana, malalamiko yalimiminika kama mvua ya masika. Mbunge mmoja ambaye bado hakuwa na jina kubwa alisimama na kusoma malalamiko ya Lilburne. Mbunge huyo aliitwa Oliver Cromwell. Tulikumbuke jina hilo, maana litarudi. Lilburne alifunguliwa mwezi ule ule.

Mwezi wa Mei 1641 Makabwela waliamua kwamba hukumu aliyopewa Lilburne ilikuwa kinyume cha sheria na ya ukatili, na kwamba astahili kulipwa fidia. Lakini wabunge hawakutosheka na kumfungua mtu mmoja. Walijiuliza: je, kesho atakamatwa nani? Basi mwezi wa Julai 1641 Bunge lilipitisha sheria ya kuifuta kabisa mahakama ya Chumba cha Nyota. Mahakama kubwa ya kanisa, iliyotumia kiapo kama kile, nayo ilifutwa. Sheria ilisema pia kwamba mtu akifungwa kwa amri ya mfalme au washauri wake, aweza kuomba apelekwe mbele ya jaji. Mlinzi wa gereza lazima aeleze sababu ya kumfunga, na majaji waamue katika siku tatu za mahakama kama kufungwa huko ni halali.

Hilo lilikuwa jambo kubwa. Hakimu anapomwonea mtu mmoja, mtu huyo aweza kukata rufani. Lakini mahakama nzima inapojengwa juu ya uonevu, rufani haitoshi. Hapo ndipo kazi ya wawakilishi wa watu inapoonekana: kuchunguza, kusikiliza walioumizwa, na kubadili sheria yenyewe.

Fidia ya Lilburne, hata hivyo, ilichelewa. Mwaka 1646 Malodi waliamua alipwe pauni 2,000, lakini alihangaika miaka kuzidai.

6. Bunge nalo lakalia kiti cha hakimu

Mwaka 1642 vita vilianza kati ya mfalme na Bunge. Lilburne alijiunga na jeshi la Bunge. Mwezi wa Novemba mwaka huo alitekwa na askari wa mfalme, akapelekwa Oxford, akashtakiwa kwa uhaini. Mkewe, Elizabeth, alikuwa mjamzito. Mama huyo alisafiri kupita katikati ya majeshi, amebeba barua ya Bunge. Barua ilisema kwamba mateka wa Bunge wakiuawa, mateka wa mfalme nao watauawa. Kwa njia hiyo Lilburne aliokoka, na mwaka 1643 akabadilishwa na mateka wengine. Alipanda cheo hadi luteni kanali. Mwaka 1645 aliliacha jeshi kwa sababu alikataa kuapa kiapo cha dini ambacho askari walitakiwa kukiapa.

Alidhani ameacha uonevu nyuma yake. Haikuwa hivyo. Mwaka 1645 Makabwela walimfunga miezi kadhaa kwa maneno aliyosema juu ya Spika wao. Mwaka 1646 Malodi walimwita kwa sababu alimlaumu mmoja wao. Alipofikishwa mbele yao alikataa kupiga magoti. Aliwaambia kwamba yeye ni mtu wa kawaida, na kwa sheria ya nchi mtu wa kawaida ahukumiwe na watu wa kawaida wenzake. Waliposoma mashtaka, aliziba masikio kwa vidole vyake. Malodi walimtoza faini ya pauni 2,000 na kumhukumu miaka saba katika gereza la Mnara wa London.

Tazama, ndugu msomaji. Bunge lililofuta Chumba cha Nyota sasa lilikuwa likifanya kazi ya Chumba cha Nyota: ndilo lililoudhiwa, ndilo lililoshtaki, na ndilo lililohukumu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

7. Kusoma gerezani

Gerezani Lilburne hakukaa bure. Alichukua vitabu vya jaji mmoja mkubwa aliyekwisha kufa, Edward Coke, vilivyoeleza sheria za Uingereza, akavisoma kama mwanafunzi. Hakupitia chuo cha sheria. Alijifunza mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Alipokuwa akijifunza aligundua jambo la kumkasirisha. Sheria nyingi na kumbukumbu za mahakama ziliandikwa kwa Kilatini au kwa Kifaransa cha kale. Mkulima au fundi wa Uingereza hakuzijua lugha hizo. Aliweza kupoteza shamba lake kwa maandishi asiyoyaelewa. Ilimbidi amlipe mwanasheria, na asiye na fedha alikosa. Lilburne aliandika kwamba sheria inayomfunga mtu lazima iandikwe kwa lugha anayoijua mtu huyo.

Aliandika pia juu ya magereza. Siku zile mfungwa alimlipa mlinzi wa gereza kwa chakula, kwa kitanda, hata kwa kufunguliwa pingu. Watu waliokuwa na madeni walifungwa miaka mingi, na wakiwa ndani hawakuweza kufanya kazi ya kuyalipa.

Lilburne na wenzake walianza kuitwa Wasawazishaji. Jina hilo walipewa na adui zao, waliodai kwamba wataka kugawa mali za watu. Wenyewe walikana. Walichotaka kusawazisha ni haki. Walitaka wananchi wengi zaidi wapige kura, Bunge lichaguliwe upya mara kwa mara, na sheria iwe moja kwa tajiri na maskini. Hata hivyo hawakufikia hatua ya kudai kura kwa wanawake.

Lilburne alifunguliwa Agosti 1648. Mwezi wa Januari 1649 Mfalme Charles alikatwa kichwa, na nchi ikawa jamhuri. Wenye nguvu walikuwa Cromwell na majemadari wake. Lilburne aliandika kwamba wananchi wamevuliwa minyororo ya zamani na kuvikwa mipya. Mwezi wa Machi alikamatwa tena pamoja na wenzake watatu.

Safari hii wanawake wa London walijitokeza. Walikwenda Bungeni na hati ya kuomba wafungwa hao wafunguliwe. Wakajibiwa kwamba mambo hayo ni makubwa kuliko wao, warudi nyumbani wakaoshe vyombo. Hawakukubali. Walirudi tena na hati nyingine, wakisema kwamba na wao wana haki katika nchi yao.

Mwezi wa Mei 1649 wafungwa hao wanne walitoa, wakiwa ndani ya Mnara, mpango wa kutawala nchi ulioitwa Makubaliano ya Wananchi. Ndani yake waliandika kwamba mtu asilazimishwe kujibu maswali ya kujishtaki. Kesi ziamuliwe na watu 12. Mtu asifungwe kwa deni. Mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza. Tena waliandika neno lililotokana na uchungu wao: Bunge litunge sheria, lakini lisimhukumu mtu ambaye sheria iliyokuwapo haikumtia hatiani.

8. Raia kumi na wawili

Miezi ile ilikuwa ya msiba. Ugonjwa wa ndui uliingia nyumbani kwa Lilburne na kuwaua watoto wake wawili wa kiume, yeye akiwa bado mfungwa.

Tarehe 24 Oktoba 1649 alipelekwa katika ukumbi wa Guildhall, London, kushtakiwa kwa uhaini. Adhabu yake ilikuwa kifo. Majaji na wakubwa kama 40 walikaa mbele yake. Yeye alisimama peke yake, maana aliomba wakili akanyimwa. Mikononi alikuwa na vitabu vya Coke.

Kwanza alitaka hakikisho kwamba milango ya mahakama iko wazi na watu waweza kuingia. Alijibiwa kwamba iko wazi. Kisha alipomwona mwendesha mashtaka akimnong'oneza jaji, alipinga papo hapo. Alisema kwamba kinachosemwa juu ya uhai wake kisemwe kwa sauti. Alipoulizwa kama vijitabu vilivyoletwa ni vyake, hakukubali wala hakukana. Alisema kazi ya kuthibitisha ni ya mshtaki, si ya mshtakiwa.

Mwisho aliligeukia juri. Aliwasomea kitabu cha sheria na kuwaambia kwamba wao si watu wa kuitikia tu, bali ndio waamuzi. Majaji walikasirika, lakini hawakuweza kumzuia. Raia wale 12 walitoka, wakashauriana muda mfupi, wakarudi. Wakasema hana hatia.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Yasimuliwa kwamba kelele za furaha ziliendelea kwa nusu saa, na usiku mioto iliwashwa mitaani. Nishani ilitengenezwa yenye sura ya Lilburne upande mmoja, na upande wa pili majina ya wale raia 12.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba 1650, Bunge lilipitisha sheria kwamba vitabu vya sheria na shughuli za mahakama viwe kwa Kiingereza. Ufalme uliporudi mwaka 1660 mambo yalirudishwa ya kale. Ilikuwa mpaka mwaka 1733 ndipo Kiingereza kilipotawala mahakama za Uingereza moja kwa moja.

9. Hukumu bila kesi

Furaha haikudumu. Familia ya Lilburne iligombea mgodi wa makaa ya mawe huko Durham na mkubwa mmoja, Sir Arthur Haselrig, aliyekuwa mbunge mwenye nguvu. Lilburne aliunga mkono malalamiko yaliyopelekwa Bungeni dhidi ya mkubwa huyo. Bunge liliamua kwamba malalamiko ni ya uongo. Mwezi wa Januari 1652 lilitunga sheria juu ya Lilburne peke yake. Faini pauni 7,000. Afukuzwe nchini maisha. Akirudi, auawe. Hakufunguliwa kesi katika mahakama, wala hakupata juri.

Alikwenda Uholanzi. Mwaka 1653 Cromwell alilivunja Bunge hilo kwa askari. Lilburne alifikiri kwamba amri yake imekufa pamoja na Bunge lililoitoa, akarudi mwezi wa Juni. Alikamatwa na kushtakiwa kwa kurudi. Alidai apewe nakala ya hati ya mashtaka ili aisome na ajibu kwa maandishi. Baada ya mabishano marefu alipewa.

Tarehe 20 Agosti 1653 juri ilisema kwamba hana hatia ya kosa lolote linalostahili kifo. Serikali iliwaita raia wale mmoja mmoja na kuwahoji kwa nini waliamua hivyo. Walijibu kwamba waliamua kwa dhamiri zao.

Lakini Lilburne hakufunguliwa. Bunge jipya liliamuru azuiliwe kwa ajili ya usalama wa nchi. Ameshinda kesi, naye yumo gerezani.

10. Kisiwa cha Jersey

Palikuwa na njia moja iliyobaki. Mfungwa aliweza kuomba ile amri ya jaji ya kumleta mahakamani na kueleza sababu ya kufungwa kwake. Wanasheria huiita kwa jina la Kilatini, habeas corpus. Lilburne aliiomba. Basi mwezi wa Machi 1654 alipelekwa kwa meli mpaka kisiwa cha Jersey, karibu na pwani ya Ufaransa, akafungwa katika ngome. Aliwekwa huko makusudi, ili amri za majaji wa London zisimfikie. Aliyekuwa akitawala nchi sasa ni Oliver Cromwell, yule yule aliyesoma malalamiko yake Bungeni mwaka 1640.

Ngome ile ilimvunja afya. Mwezi wa Oktoba 1655 alirudishwa Uingereza, katika ngome ya Dover. Huko aliingia katika kundi la Wakristo waitwao Waquaker, watu wasiopenda vita. Mara nyingine aliruhusiwa kutoka kuwaona jamaa zake. Mwaka 1657 alikuwa Eltham, karibu na London, kwa kuwa Elizabeth alikuwa karibu kujifungua. Cromwell alipopata habari aliamuru arudi gerezani katika siku kumi. Siku hizo hazikutimia. John Lilburne alifariki tarehe 29 Agosti 1657, akiwa na umri wa miaka 43 hivi.

Elizabeth alibaki na watoto, na ile faini ya pauni 7,000 ilikuwa bado yadaiwa. Alipeleka maombi tena na tena mpaka, mwaka 1659, Bunge likaifuta.

11. Alichotuachia

Lilburne alikuwa na makosa yake. Alikuwa mgomvi, na aligombana hata na rafiki zake. Lakini mambo aliyoyapigania hayakuzikwa naye.

Mwaka 1670 jaji mmoja mkuu wa Uingereza aliamua kwamba juri isiadhibiwe kwa uamuzi wake. Mwaka 1679 Bunge lilipitisha sheria ya habeas corpus, na humo likakataza mfungwa kupelekwa ng'ambo mahali ambapo amri ya jaji haifiki. Jersey imetajwa kwa jina. Mwaka 1791 Marekani iliandika katika katiba yake kwamba mtu asilazimishwe kujishuhudia katika kesi ya jinai. Mwaka 1966 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilipoamua kwamba polisi lazima wamwambie mtu waliyemkamata kwamba ana haki ya kunyamaza, ilimtaja Lilburne na kiapo cha Chumba cha Nyota.

Nasi hatuko mbali na habari hii. Mahakama zetu za Afrika Mashariki zilipokea sheria nyingi kutoka Uingereza, mema yake na mabaya yake. Moja la mabaya lilikuwa lugha ya kigeni. Tanzania iliingiza haki za raia katika Katiba mwaka 1984, na mwaka 2021 Bunge lilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema mtu akikamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na kwamba ana haki ya kunyamaza.

Lakini maandishi peke yake hayamlindi mtu. Uingereza ya Lilburne ilikuwa na sheria nzuri ya mwaka 1641, naye akafungwa tena na wale wale walioitunga. Mahakama yahitaji kuchungwa na Bunge. Bunge lahitaji kuchungwa na wananchi. Na mwananchi hawezi kuchunga asichoweza kukisoma. Kijana wa duka la nguo alisimama mbele ya wakubwa 40 akiwa na kitabu mkononi, na kitabu hicho alikuwa amekisoma mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kiapo ambacho Lilburne alikataa kilikuwa na ubaya gani?
2. Kwa nini Bunge halikutosheka na kumfungua Lilburne peke yake mwaka 1640?
3. Bunge lilikosea wapi mwaka 1646 na mwaka 1652?
4. Kwa nini alipelekwa Jersey, na sheria ya mwaka 1679 ilizibaje mwanya huo?
5. Mtu wa kijijini kwenu akikamatwa, ana haki ya kuambiwa nini? Ni nani awezaye kumsaidia kuisoma hati yake ya mashtaka?